Fundi Aliyetuchora Bila Vichwa

Habari kwamba Fundi amefariki ilinifikia sokoni Ruiru, katikati ya mabishano ya nyanya. Muuzaji alikuwa ametaja bei yake, mimi nimetaja yangu, na tulikuwa tumefika pale ambapo kila mmoja anajifanya hana haja na mwenzake, ndipo simu ikalia. Alikuwa dada yake Fundi, anayeishi Thika. Alisema maneno machache: kifua kilimbana siku mbili, akapelekwa hospitali, na asubuhi hiyo hakuamka. Nikasema pole. Nikairudisha simu mfukoni, nikarudi kwenye nyanya, nikamaliza kubishana na nikashinda. Nilizihesabu zikawa kumi na mbili, nikazihesabu tena zikawa kumi na mbili. Nilipofika nyumbani Mugutha niliziweka mezani nikakaa nikizitazama hadi chai ikapoa. Msomaji anayetafuta machozi katika safu hii atanivumilia. Nimeyatafuta pia, na hadi leo sijayapata.

Wanaonisoma siku zote wanamjua Fundi bila kujua kwamba wanamjua, kwa sababu kila nilipoandika hapa kuhusu suruali zangu nilikuwa naandika kazi ya mikono yake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kidogo, mwenye kibanda cha mabati yaliyopakwa rangi ya samawati, cherehani ya kukanyaga, pasi ya makaa na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Ujana wake aliumalizia katika kiwanda cha nguo huko Eneo la Viwanda Thika, akikata mashati ya saizi tatu: ndogo, ya katikati na kubwa. "Kule tulikuwa tunamshonea mtu wa katikati," aliniambia mara moja, sindano ikiwa mdomoni. "Miaka yote hiyo nilingoja aingie mlangoni nimwone. Hajawahi kuja." Kazi ilipopungua na wenzake wengi wakarudishwa nyumbani, alikuja Ruiru na kujiwekea sharti moja: hangekata kitambaa kabla ya kumchora atakayekivaa.

Alikuwa na daftari la kawaida la shule. Alikusimamisha mbele ya kioo, akakutazama kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea kutazamwa, kisha akakuchora kwa penseli kutoka shingoni kwenda chini. Hakuweka kichwa wala jina, nambari ya ukurasa tu. Lakini alikuchora ulivyo: bega lililoshuka kwa kubeba mzigo upande mmoja maisha yote, nyonga iliyopanda, tumbo mahali linapoishi. Ukimwonyesha kwenye simu picha ya rinda alilovaa mtu wa mbali, aliitazama kwa heshima, halafu akakugeukia. "Sasa huyu ndiye atakuja kulivaa, ama ni wewe?" Vijana wa chuo walitoka Juja na makoti ya mitumba mikononi. "Niaje Fundi, nibanie hii ikae fiti." Naye: "Nikibana hapo utapumulia wapi, kijana?" Lakini alibana, na wakiyavaa walitoka nje kupigana picha mbele ya yale mabati ya samawati, ambayo nadhani yameonekana kwenye simu nyingi kuliko harusi zote za Ruiru. Fundi alitoka nao, tepu ya kupimia shingoni, akipaza sauti: "Ngoja! Kola." Alinyoosha kola, akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia. Sikuwahi kumwona na starehe nyingine.

Nguo ungeweza kuipiga picha upendavyo. Daftari, hapana. "Humo ndani watu wako uchi," alisema, "hata wale niliowachora na koti."

Mimi ni mtu wa kubishana bei, na kwa Fundi bei haikusogea hata kidogo, kwa hivyo nilihamia kwenye tepu. Alipofika kiunoni nilikuwa navuta pumzi na kuingiza tumbo ndani. Sikuona kama ni udanganyifu. Niliona ni kuanzisha mazungumzo mahali pazuri. Yeye aliandika nambari bila kusema lolote, na suruali ikitoka ilinikaa sawasawa, hata baada ya sahani mbili za githeri. Niliwahi kujisifu kuhusu jambo hilo katika safu hii hii, nikidai kwamba mwili wangu haujabadilika tangu nioe.

Sasa nifike kwa kile ambacho sijawahi kukiandika. Siku moja mchana Fundi alitoka kuchukua makaa kwa jirani, akaliacha daftari wazi mezani. Ukurasa ule ulikuwa na mwanamke aliyesimama, mkono mmoja kiunoni, mwili umeinama mbele kidogo kama mtu anayekaribia kutoa amri. Ulikuwa umechorwa vizuri mno na nikacheka peke yangu. Nikaupiga picha, nikaituma kwenye grupu ya mtaa wetu na maneno mawili: "Nani huyu?" Hesabu yangu ilikuwa fupi: hana kichwa, hana jina, hana wa kumjua. Mimi ninayehesabu nyanya mara mbili sikuhesabu hata mara moja ni watu wangapi wako kwenye grupu ile. Majibu yalifika kabla sijaketi. "Si huyo ni Mwenyekiti akigombana na watu wa maji?" "Ngai! Hata kivuli chake nakijua." Vikafuata vile vikaragosi vya kulia kwa kicheko, mstari baada ya mstari. Mwenyekiti wa chama cha akina mama, mwanamke aliyewatafutia wenzake maji, viti vya matanga na karo za watoto kwa miaka mingi, alikuwa kwenye grupu hiyo hiyo. Aliandika neno moja: "Nimejiona." Niliifuta picha, lakini kufikia hapo ilikuwa imeshalala kwenye simu za watu nisiowajua.

Fundi hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ulimwuliza?" Nikamwambia mchoro haukuwa na kichwa. Akaendelea kupiga pasi. "Kichwa nilikitoa ili mgeni asimjue. Wewe ukampeleka kwa wenyeji." Nikasema, basi poleni, kama mmeudhika. Msomaji anayenijua atanielewa nikisema kwamba hata msamaha niliuomba kwa bei ya kutupa. Fundi alikuwa hodari wa kutambua bei ya kutupa. Aligeuza nguo, akapiga pasi upande wa pili.

Mwenyekiti aliwachukua wanawake wake wote, kumi na mmoja pamoja naye, akawapeleka kwa fundi mwingine, wakashonewa sare kwa saizi: ndogo, ya katikati na kubwa. Siku ya kuzivaa kanisani, wakati wa sifa, mikono yao ilipanda hadi usawa wa masikio, na hapo kwapa likakataa. Walimsifu Mungu hadi kwenye masikio kwa muda wa mwaka mzima. Mwishowe Mwenyekiti alirudi kwenye kibanda cha samawati, akasimama mbele ya kioo bila maelezo, akachorwa upya. Wengine wakamfuata. Mwaka huu walimletea Fundi kitambaa kipya, kitenge cha zambarau chenye maua meupe, cha sherehe ya chama. Alikuwa amekata marinda yote kumi na moja na kuyafunga mafungu mafungu kwa uzi, kila fungu na nambari ya ukurasa wake. Kushona hakukufika.

Chama kilikutana Jumatatu, na mazishi yalikuwa Ijumaa. Waliamua kumzika Fundi wakiwa wamevaa kazi yake ya mwisho. Dada yake, aliyefanya naye kazi kiwandani, alikubali kushona pamoja na wenzao wawili wa zamani, kila mmoja nyumbani kwake Thika. Shida ikawa kwamba mafundi ni watatu na daftari ni moja, na mafungu yana nambari lakini hakuna anayejua nambari ipi ni ya nani. Fundi pekee ndiye aliyejua, na alikuwa ameondoka na vichwa vyetu vyote. Ilibidi kila mwanamke aje kibandani ajitambue mwenyewe, kisha ukurasa wake upigwe picha na utumwe kwa atakayemshonea. Simu yangu ikalia. Alikuwa Mwenyekiti, ambaye hatukuwa tumesemeshana naye tangu ile siku. "Mwandishi, kuja na hiyo simu yako. Ulipiga bila kuambiwa, sasa utapiga ukiambiwa."

Nilikwenda. Walikuwa wamejipanga kutoka kwenye cherehani hadi nje. Dada yake Fundi akafungua daftari, akauliza, "Huyu ni nani?" Wote walikuwa wanajua, na wote walikuwa wanatazama mabati ya juu. Akafungua mwingine. "Na huyu?"

"Mimi haki sina nyonga kama hiyo," akasema mmoja, ingawa hakuna aliyemtaja.

"Unayo," ikatoka sauti nyuma.

"Na wewe hilo bega lako umelifanya nini, kanali?"

Kicheko kidogo, kisha macho yakarudi juu kwenye mabati. Siku zilikuwa nne na wanawake kumi na mmoja walikuwa wanaona haya mbele ya penseli, na aliyewafundisha haya hiyo ni mimi, nimesimama pale na simu yangu kama mtu wa bima. Mwenyekiti akatoka kwenye mstari. Alifunua kurasa mwenyewe hadi akafika kwa mwanamke aliyeshika kiuno, akaweka kidole. "Huyu ni mimi. Nambari thelathini na nne."

Nikainua simu.

"Uliza kwanza."

"Mama, naomba nikupige picha."

"Piga. Na usinipunguze."

Baada ya hapo mstari ulisogea. Shosho mmoja, mkubwa kuliko wote, alijitambua kwa mgongo wake uliopinda, akasogeza daftari karibu na macho na kusoma alichoandika Fundi pembeni: nyuma ongeza vidole viwili. "Kumbe ndiyo maana rinda langu halipandi nyuma," akasema. "Mimi nilidhani nimenyooka." Wengine wakaanza kusoma pembeni mwa kurasa zao. Kwapa pana, anabeba mtoto. Kifua cha kushoto, usibane, alipasuliwa. Hapakuwa na mzaha tena. Kila mstari niliouchekelea siku ile ulikuwa maagizo ya mkasi, ili mtu avae nguo na asahau mwili wake kwa siku moja.

Picha zilikuwa kumi na moja. Nilizihesabu tena, kumi na moja. Dada yake Fundi alikuwa anafunga daftari, ndipo ukurasa mmoja ukajifunua wenyewe. Alikuwa mwanamume. Mstari mzito wa penseli ulionyesha kifua mbele na tumbo limeingia ndani kama la askari kwenye gwaride. Nje yake kulikuwa na mstari mwingine wa nukta nukta, na tumbo hilo la nukta lilikuwa tumbo kweli. Kipimo kilikuwa kimeandikwa kwenye nukta. Mwenyekiti akalichukua daftari, akaliinua juu ili hata walio nje waone.

"Nani huyu?" akauliza.

Yalikuwa maneno yangu, hakuongeza hata moja. Wanawake kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa ananijua, lakini walinyamaza wakaniachia mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

"Huku nje hatujasikia."

"Ni mimi. Na Mama, siku ile nilikukosea. Nilimkosea na Fundi." Sikuweka "kama". Sikuweka "lakini".

Alinitazama kwa muda, jinsi Fundi alivyokuwa akitazama. Kisha akanishikia ukurasa wangu niupige picha, akafunga daftari. "Haya. Tuma picha Thika, siku zinaisha."

Ijumaa walifika na zambarau yao, na mafundi wa kiwandani hawakumwaibisha mwenzao. Wimbo ulipoanza walinyoosha mikono, ikapita masikio, ikapita vilemba, ikaenda juu kabisa. Niliihesabu ikawa ishirini na miwili. Nikarudia. Sikulia hata pale, na nimeacha kujiuliza kwa nini. Kijana mmoja kutoka Juja, aliyevaa koti lililobanwa hadi mwisho wake, alituomba tusimame atupige picha. Nikavuta pumzi kwa mazoea. Halafu nikakumbuka kwamba Fundi alikuwa anajua, miaka yote, na suruali niliyovaa ilikuwa na nafasi. Nikaiachia pumzi.

Siku hizi kila mmoja wetu ana kamera mfukoni, na kumwona mtu kumekuwa jambo la kubonyeza. Fundi alichukua nusu saa kumwona mtu mmoja, akamchora kasoro zake zote, halafu akazificha ndani ya mshono. Mimi nilichukua sekunde moja kuzitoa nje. Ninachokiomba kwako, msomaji wangu, ni kidogo: kabla hujainua simu, muulize aliye mbele yako, na usibishane na jibu lake. Marinda yalipokamilika nilifuta picha zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, Mwenyekiti akiwa kando yangu anahesabu. Imebaki moja tu, ya tumbo la nukta. Hiyo sikuifuta, kwa sababu mwenyewe ameruhusu.