Nilipoteza sauti nikiwa na darasa la kwanza, walimu wenzangu wakavuka ziwa kunifundishia

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimeona uzi unaosema vyama vya walimu kazi yake ni vikao na fulana tu, nikasema hapana, hili siwezi kulipita kimya. Nitaeleza lililonikuta jinsi lilivyokuwa. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, shule moja ya msingi huku Sengerema, karibu na ziwa. Ndiyo, mwanaume na nafundisha darasa la kwanza. Cheka umalize, nakusubiri.

Darasa langu limejaa mpaka wengine wanakaa chini kwenye mikeka. Wengi wanakuja hawajui Kiswahili vizuri, nyumbani ni Kisukuma asubuhi mpaka jioni. Silaha yangu kubwa ilikuwa sauti. Nikisema "BA!", watoto wanaitikia "BA!" mpaka mabati yanatetemeka. Akina mama wanaoanika dagaa kule mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, walikuwa wakinitania kwamba na wao wameshajua silabi zote bila kuja shule.

Nilikuwa najisikia fahari sana, sitaki kudanganya.

Sasa sauti ikaanza kukwaruza. Nikadhani mafua. Nikawa nanywa maji ya moto, naendelea kupiga kelele. Asubuhi moja nikasimama mbele ya darasa, nikafungua mdomo niseme "Hamjambo," ukatoka upepo mtupu.

Watoto wakacheka. Nikajaribu tena, upepo. Wakaacha kucheka.

Hospitali ya wilaya wakanipa rufaa kwenda Mwanza kwa daktari wa koo. Akaniingizia kimrija chenye taa, akaangalia, akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti. Dawa ya kwanza ni kunyamaza kabisa. Hata kunong'ona marufuku. Akasema, "Mwalimu, ukiendelea kuilazimisha, sauti hii inaweza isirudi kama ulivyoizoea."

Wakuu, mwalimu wa kusoma bila sauti ni nini? Nilivuka kurudi (kipindi hicho bado tunapanda kivuko pale Kigongo) nikiwa nimeegemea chuma naangalia maji, nawaza nitafanya kazi gani nyingine.

Nyumbani mke wangu alinihurumia siku ya kwanza. Siku ya pili akagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuoane anaongea mpaka anamaliza. Mama mkwe akaleta mizizi. Jirani akaleta asali. Tanzania hii kila mtu ni daktari wa koo.

Lakini kilichokuwa kinaniuma ni darasa. Walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuunganisha silabi. Hapo ukimwacha mtoto akakaa wiki kadhaa bila mwalimu, anarudi kule kule mwanzo, na wengine huwa hawarudi shuleni kabisa, wanaishia mwaloni. Mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mstaarabu sana, alikuwa hana mtu wa kunishikia. Alipanga kuwagawanya watoto kwenye madarasa mengine ambayo nayo yamejaa.

Sasa kuna chama chetu cha walimu wa kusoma na kuandika wa kanda hii ya ziwa. Niliingizwa kwenye group la WhatsApp na rafiki niliyesoma naye chuo. Nilishahudhuria mkutano mmoja tu pale Mwanza mjini, tukabadilishana zana, tukala, tukarudi makwetu. Nikaandika kule kuuliza kama kuna mwenzangu alishawahi kupata tatizo hili na alitumia nini.

Watu wakaanza: tangawizi, ndimu, pole sana.

Kisha mama mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Darasa lako kalishika nani?"

Nikajibu ukweli. Hakuna.

Jumatatu yake, tena mapema, nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Namkuta mama mtu mzima, ana mkoba wa nguo na mfuko wa rambo umejaa vizibo vya soda. Mwalimu Perpetua, mstaafu, yule yule aliyeniuliza swali kwenye group, ametokea Misungwi. Nikainamisha kichwa kumwamkia, midomo inacheza bila sauti.

Akasema, "Marahaba, mwanangu. Nimeisikia."

Nilitaka kuondoka nimwachie kazi. Akanizuia. "Unakwenda wapi? Unaumwa koo, macho yako mazima. Kaa nyuma uone watoto wako."

Nikakaa nyuma, kwenye mkeka, pamoja na wanafunzi.

Aliandika ubaoni silabi zangu zilezile. Watoto wakaziimba kwa shangwe, nami nyuma kule nimevimba kichwa. Halafu, wakiwa katikati ya wimbo, akafuta ubao kwa kiganja.

Watoto wakaendelea kuimba. Ba, be, bi, bo, bu. Ubao mtupu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe walikuwa hawasomi. Walikuwa wananisikiliza mimi.

Mwalimu Perpetua hakugeuka kuniangalia. Alicheka na watoto kama vile ni mchezo, akagawa vile vizibo. Kila kimoja kilikuwa na herufi. Wawili wawili, hakuna kuimba, tafuta herufi za jina lako. Yeye mwenyewe anaongea taratibu mpaka watoto wanainama mbele kumsikia. Darasa likawa na kelele za vizibo tu.

Mchana tukiwa kivulini nyuma ya ofisi akaniambia, "Usijiumize. Hata mimi niliimbisha miaka mingi kabla wenzangu kwenye chama hawajanikalisha nyuma ya darasa langu. Hakuna mwalimu anayejiona mgongoni."

Alikaa wiki nzima, akilala kwa mwalimu mkuu. Alipoondoka akaja Mwalimu Athumani, kijana wa Mwanza mjini, shule ya binafsi anakofundisha ilikuwa imefunga kwa likizo. Baada yake akaja mwingine kutoka Geita. Walishapangana wenyewe kule kwenye group, mimi nikiwa sijui kitu.

Athumani ndiye aliyenichekesha mpaka nikakumbuka kwamba hata kucheka nimekatazwa. Kuna binti anaitwa Kabula, aliandika "balua" badala ya "barua". Mimi hapo ningemwekea kosa kwa wino mwekundu. Athumani akamuuliza, "Nyumbani mnaongea Kisukuma?" Akaitikia. "Basi hujakosea kwa uvivu. Ulimi wako haujazoea. Pikipiki ikiwashwa inaliaje?"

Darasa zima likawaka: rrrrrr!

"Hiyo ndiyo R. Sasa iweke kwenye barua."

Kabula akajaribu, akatema mate, akajaribu tena. Ikatoka. Aliangalia huku na huku kuona nani amesikia.

Haikuwa mteremko wote lakini. Katikati ya kipindi hiki afisa mmoja wa elimu alipita, akakuta Athumani, mtu mgeni, ameshika chaki. Akasimamisha kipindi. Mwalimu mkuu akaanza kujieleza, jasho linamtoka. Nilijua hapa imekwisha, na mama wa watu anaweza kuingia matatizoni kwa ajili yangu. Nami hata neno la kumtetea sina.

Siku hiyo Mwalimu Perpetua alikuwa amerudi kuangalia Athumani anaendeleaje. Hakubishana. Alimwamkia yule afisa, akamuuliza, "Kiongozi, unachoogopa ni nini hasa? Tuambie tukirekebishe."

Yule bwana naye alikuwa muungwana. Akasema, "Mama, kufundisha sijakataa. Mtoto akiumia humu, nitamuuliza nani?"

Perpetua akaninyooshea kidole mimi. "Huyo. Ni mwalimu wao, yupo humu tangu asubuhi mpaka watoto waondoke. Sisi tunamsaidia mdomo tu."

Afisa akanitazama. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani. Akafikiri, akasema sawa, ila siku nisipokuwepo darasani, wageni nao wasiwepo. Sikukosa hata siku moja.

Daktari aliponiruhusu kuongea kidogo kidogo, vinundu vilikuwa vimenywea. Sauti imerudi, ila siyo ile. Hii ni ndogo, ina mikwaruzo, hata kwaya ninayoimba wamenihamisha kutoka besi. Darasani inatosha kabisa, kwa sababu watoto sasa wanaangalia ubao badala ya kunisikiliza mimi.

Mwisho wa mwaka wapo ambao hawakufika, siwezi kusema wote walisoma. Lakini wengi walivuka darasa wakisoma sentensi ambayo hawajawahi kuisikia popote. Kwa darasa langu hilo lilikuwa jambo jipya.

Nilichojifunza: mwalimu wa madarasa ya mwanzo anafundisha peke yake mno. Unafunga mlango, unapambana, hakuna anayekuona ukipatia wala ukikosea. Chama kizuri ni wenzako wanaokubali kuja kukaa ndani ya mlango huo bila kukudharau. Na walimu wenzangu, koo likikwaruza muone daktari mapema, tangawizi peke yake haitoshi.

Majuzi kwenye group tumepata habari ya mwalimu wa kisiwa cha Kome amevunjika mguu, darasa la kwanza limebaki wazi. Nikaenda ofisini kwa woga kuomba ruhusa ya wiki moja. Nimeshapanga maneno yote ya kumbembeleza mwalimu mkuu.

Hata sikuyatumia. Aliniangalia juu ya miwani akasema, "Unachelewa nini? Perpetua alinipigia jana. Darasa lako lina mtu."

Naandika huu uzi nasubiri boti. Walimu mliomo humu, na nyie mliofundishwa kusoma na mtu mnayemkumbuka mpaka leo, tupeni visa vyenu. Nitasoma vyote njiani, mtandao ukikubali.