Mabuyu Ulimini mwa Hawaa

Leo binti yangu amenikadhibisha mbele ya muuguzi bila kutamka neno.

Hawaa ana umri wa miaka miwili. Meno yake ya mbele yameota madoa meupe, nami nikampeleka kliniki pamoja na mama mkwe wangu, anayemlea mchana.

Nilimweleza muuguzi kwa ufasaha kwamba nyumbani kwetu sukari haimkaribii mtoto.

"Hawaa, fungua kinywa."

Ulimi ulikuwa mwekundu kwa mabuyu, yale yaliyopikwa kwa sukari na rangi.

Mama mkwe akajitengeneza mtandio. "Mabuyu ni matunda, baba. Na mtoto alikuwa akilia."

Muuguzi akatwambia madoa hayo bado yanazuilika: mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na vitamu vikome. Meno yakishatoboka, ni kilio.

"Umesikia, mama?" niliuliza kwa heshima zote.

"Nimesikia, wallahi."

Tuliporejea nyumbani Timbwani, nikatoka kununua mswaki mdogo. Niliporudi, Hawaa alikuwa mapajani mwa bibi yake, vidole vyekundu.

Ndugu zangu, nimechoka. Mama mkwe hakemewi, hilo nalijua.

Basi nielekezeni: huombwaje aache?