Mjane Aliyekataa Kutoka

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulipokuwa tukiishi Kaloleni, nilijiwekea sheria: kazi za nyumbani kwanza, kuandika baadaye. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, na watoto wetu wawili walikuwa shule ya msingi. Nilikuwa nikifua, nikipiga deki, nikichagua maharagwe, na ikifika saa tano ndipo ninaketi mezani na daftari. Nilijiona mtu mwenye nidhamu. Lakini karibu kila siku nilikuta hadithi imepoa. Sentensi iliyonijia alfajiri, tamu kabisa, siipati tena.

Wakati huo nilikuwa naandika juu ya mjane ambaye mashemeji zake walitaka kumfukuza nyumbani kwake. Kwa wiki tatu nilimsimamisha mlangoni, mzigo kichwani, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba ataondoka kimya. Hakuondoka, wala hadithi haikusogea.

Jumatano moja nilikuwa kwenye foleni ya bomba la mtaa, watu wanne mbele yangu, mjane akasema. Sijui nieleze vipi zaidi ya hivyo. Aliutua mzigo, akawatazama mashemeji, akawaambia: “Karibuni mnywe chai. Mkimaliza, watakaotoka ni nyinyi.”

Niliacha debe palepale nikakimbia nyumbani, kandambili zikinipiga visigino. Niliandika mpaka daftari likaisha. Nikapasua pakiti ya unga, nikaikung'uta, nikaendelea upande wa ndani.

Debe aliniletea jirani yangu, mama mtu mzima wa Mombasa aliyeuza mahamri dirishani kwake. Alinikuta naandika huku machozi yananitoka.

“Mwanangu, nani kafa?”

“Hajafa mtu, mama. Ni mjane wa kwenye hadithi. Amekataa kutoka.”

Akalitua debe polepole. “Wanaomtoa ni kina nani?”

“Mashemeji zake.”

Alivuta kigoda akaketi, nami nikamsomea kurasa mbili. Alisikiliza amekunja uso, kama anayesikiliza kesi ya binti yake. Kisha akainuka.

“Andika. Na asitoke! Watoto wakirudi watakula kwangu.”

Mume wangu aliporudi saa kumi na moja, jiko lilikuwa baridi na maharagwe bado yako kwenye ungo, na mawe yake yote.

“Leo kuna nini?” akauliza.

“Namalizia.”

“Si ungepika kwanza? Hadithi itakwenda wapi?”

“Inakwenda, baba watoto. Zimeshanipotea nyingi.”

Nilisema bila kuomba radhi, nikashangaa mwenyewe jinsi sauti yangu ilivyotulia. Alitundika kofia yake. Kisha akavuta ule ungo, akaketi kizingitini, akaanza kuchagua maharagwe. Hakuwa hodari wa kazi hiyo, na tulipokula nilitafuna mawe mawili nikanyamaza.

Tangu siku hiyo niliigeuza sheria yangu. Nikiamka na sentensi, naiandika kwanza na kuifuata mpaka inaponiachia; nguo zinaweza kubaki zimelowekwa. Nikiamka bila sentensi, nafua. Baadhi ya majirani walinicheka, hasa waliponiona nazungumza peke yangu kwenye kamba ya nguo, lakini sikujali. Nilikuwa nimejua kazi yangu inavyotaka kufanywa.

Hadithi ya mjane iliisha Jumamosi. Wiki iliyofuata niliwasomea kina mama wa kikundi cha ushonaji katika ukumbi wa mtaa. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nilipomaliza, mwanamke mmoja nisiyemfahamu, aliyekuwa kaketi karibu na mlango, akainua mkono.

“Dada, rudia pale anapowakaribisha chai.”

Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena, na safari hiyo wenzake walisema yale maneno pamoja nami. Kesho yake nilianza hadithi nyingine kabla hata sijapiga mswaki.