Nilivyoshuka Mgeta Kwenda Kuizuia Meli

Safari hii sikuipanga. Nilikuwa likizo kwetu Mgeta, nikimsaidia Mama kuvuna kabichi, simu ikaita kutoka ofisi yetu ya ukaguzi wa meli, Dar es Salaam. Mkaguzi wetu mkuu alikuwa amelazwa, na meli ya mizigo yenye bendera ya nje ilitaka kuondoka kesho yake jioni. "Felista, utaikagua wewe," bosi alisema. Miaka minne nilikuwa nimepanda meli nyuma ya wenzangu, nikiwabebea tochi na fomu. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa.

Mjomba Pius, kaka yake Mama, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, alicheka hadi akakohoa.

"Mluguru na meli wapi na wapi? Sisi maji tunayavuka kwa kukanyaga mawe!"

"Ndiyo maana wamenituma mimi, Mjomba. Sina undugu na bahari."

Saa kumi na moja alfajiri nilidandia lori la mboga. Barabara ya Mgeta haina huruma, ni kona juu ya kona, na dereva alisimama mara mbili kukaza kamba za matenga. Morogoro mjini nilipita Mafiga kwa binamu yangu, nikanawa uso na kupiga buti brashi. Nisingekubali kupanda meli ya watu na matope ya shambani.

Saa tatu nilikuwa kwenye treni ya umeme. Milima ya Uluguru ilinisindikiza dirisha la kulia, nami nikafungua kanuni za kimataifa nilizozisoma mara mia. Mkaguzi wa bandarini huridhika na vyeti vya meli vikiwa sahihi, isipokuwa akiona sababu ya wazi ya kuchimba zaidi. Ukiizuia meli bila sababu, mwenye meli anaweza kudai fidia, na jina lako limekwisha. Ukiiachia ikiwa mbovu, wanaolipa ni mabaharia.

Saa saba mchana nilipanda ngazi ya meli. Nahodha, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alinikaribisha kahawa na kunipangia vyeti mezani. Vyote vilikuwa safi. Daftari la mazoezi lilisema mashua ya kuokolea maisha ilishushwa majini Jumamosi iliyopita, na mabaharia wote kumi na tisa walishiriki.

"Umetokea wapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Milimani."

"Basi tembea taratibu, usije ukapata kizunguzungu. Tunaondoka saa kumi na moja."

Nilitabasamu tu. Mimi nimekulia penye matenga ya nyanya, na kila mtu kwetu anajua mchezo wake: nzuri juu, zilizopondeka chini. Mama hapokei tenga kabla ya kuzamisha mkono hadi kwenye kwapa. Wenye nyanya humchukia kwa hilo, lakini hajawahi kuuziwa uozo.

Kwa hiyo nilipofika kwenye mashua sikuangalia mashua, maana iling'aa. Nilipanda hadi kwenye roda za chuma zinazopitisha waya wa kuishushia. Rangi nyeupe ilikuwa imefunika waya na roda kwa pamoja, imekauka zamani, imeshika vumbi, na haikuwa na ufa hata mmoja. Waya ungekuwa umepita pale, rangi ingepasuka; mashua ile haikuwa imeshuka Jumamosi wala mwezi uliopita.

"Naomba ishushwe," nilimwambia nahodha.

"Vyeti umeviona. Una sababu gani?"

Niliweka kidole juu ya rangi. Aliwaita mabaharia wake.

Walilegeza breki, mashua ikagoma. Wakagonga kwa nyundo. Mara upande wa mbele ukaporomoka, wa nyuma ukabaki palepale, na mashua ikaning'inia kichwa chini. Haikuwa na mtu ndani, namshukuru Mungu.

Nilijaza fomu ya kuizuia meli. Bosi alipiga simu: "Una uhakika, Felista?"

"Nina picha, bosi. Na mashua yenyewe bado inaning'inia, njoo uione."

Siku ya tatu, baada ya mafundi kubadilisha waya na roda, mashua ilishuka sawasawa, ikagusa maji na kuzunguka bandarini. Baharia mmoja wa Pemba, Bwana Hamadi, alipanda ngazi akiwa amelowa.

"Dada, mwaka mzima niko humu," alisema polepole. "Leo ndo mara ya kwanza nakaa kwenye mashua hii."

Jioni meli iliondoka. Nilisimama gatini nikiitazama, na sijivungi, nilijiona mkubwa kuliko ile meli.

Jumamosi nilirudi Mgeta. Nilikuwa nimejifunza kwamba kanuni zilizoandikwa na wakubwa wa dunia hazina nguvu mpaka mtu mmoja apande juu na kugusa waya. Nilimwamkia Mama, nikamsimulia yote pale jikoni. Hajawahi kuiona bahari, akasikiliza akimenya viazi.

"Walikuwa wangapi humo ndani?"

"Kumi na tisa, Mama."

Kisu kikasimama. "Wana mama zao?"

"Bila shaka wengi wanao."

"Basi umefanya kazi, mwanangu," alisema, akanisogezea kigoda nikae karibu naye.