Kompyuta ya Baba Ilivyorudi Kutoka Mbeya

Siku ya kuanua matanga ya baba, ndugu waligawana vitu mbele yetu kana kwamba hatupo. Kompyuta ilichukuliwa na baba mdogo, anayeishi Mbeya. Alisema anatutunzia tu mpaka tukue. Mama alikuwa ameshatangulia. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu wa kike darasa la pili. Niliacha shule, nikakaa kwenye cherehani hapa mtaani kwetu Mlandege, na bado nipo.

Mwaka jana mdogo wangu alikwenda likizo Mbeya, akarudi na habari moja tu. Kule kuna mchezo wa magari kwenye kompyuta, na baba mdogo amesema akihamia kwao atacheza kila siku. Nilijua anatakiwa kwa lipi. Mke wa baba mdogo alikuwa amejifungua na msichana wao wa kazi ameondoka.

Nikaidai kompyuta ya baba. Niliona kwamba mchezo ukiwa hapa, mtoto atabaki hapa.

Ilikuja kwa basi, imefungwa blanketi. Baba mdogo hakubisha hata kidogo, na hilo lingetosha kunishtua. Mwanawe alikuwa ameiwekea mfumo wa kuiendesha uitwao Linux pamoja na mchezo wenyewe, akisema Linux ni nyepesi na haina virusi. Tuliiwasha, ikawaka vizuri. Tukibonyeza mchezo, kioo kinakuwa cheusi, kisha tunarudishwa tulikotoka, bila neno lolote.

Nikampigia yule kijana. Aliniambia niweke draiva mpya, yaani programu ya kuendesha vifaa vya ndani, nikaweka. Niizime na kuiwasha, nikafanya. Mwisho akachoka nami.

"Dada, hiyo siyo cherehani, usiikanyagekanyage."

Nyuma yake nilimsikia baba mdogo akicheka, akisema mtoto aletwe huku vitu vinakofanya kazi.

Nilisoma kwenye simu ushauri wa watu nisiowajua, mwingi ukiwa wa kujisifu kwamba kwao mchezo unafunguka. Mmoja ndio ulinifaa: uuite mchezo kutoka kwenye ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, utakwambia umekwama wapi. Niliandika herufi moja moja. Yakamwagika maneno ya Kiingereza. Changu kiliishia kidato cha pili, lakini kilitosha: mchezo ulitafuta kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo, ukaikosa. Amri nyingine ikanionyesha vilivyomo ndani ya mashine, na kadi ya baba haikuwamo. Niliikumbuka vizuri, kubwa, ina feni mbili. Aliponunua alinipa niishike.

Nikafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya cherehani. Mende walitoka, wengine walikuwa wameshakauka, na harufu ya mkojo wa panya ikatupiga usoni. Vumbi lilikuwa limeganda kila mahali isipokuwa pale kadi inapochomekwa. Pale palikuwa pasafi, panang'aa.

Mdogo wangu aliinama akachungulia pale.

"Kile chenye feni mbili," alisema. "Kaka wa Mbeya alikitoa kwenye mashine kuukuu akakiweka kwenye yake. Sikujua ni cha baba. Nilimshikia tochi."

Akaenda kunawa mikono, na hakuwa amegusa kitu.

Jumapili, baada ya ibada, baba mdogo alipiga kuuliza mtoto anasafiri lini. Mdogo wangu aliomba simu.

"Shikamoo, baba mdogo. Kadi ya baba yetu iko kwenye kompyuta ya kaka. Mimi siji."

Simu ikarudi kwangu. Baba mdogo alianza kwa sauti ileile aliyoongozea sala msibani, akiniita mwanangu, akisema Linux ndiyo ina matatizo, inahitaji mtu aliyesoma. Nilisikia kinyaa mpaka nikaisogeza simu mbali na uso.

"Mtoto ameshakujibu," nikamwambia, nikakata.

Kadi haijarudi. Tuliisafisha mashine kwa mafuta ya taa na kitambaa, na mdogo wangu hucheza drafti, ambayo inafunguka bila shida. Lakini kila tukiiwasha, harufu ya panya ndiyo hutangulia.