Askari wa Pili

Gemu lenyewe ni la zamani kuliko mimi. Askari wawili wenye kofia za vioo wanatembea kutoka kushoto kwenda kulia ndani ya kituo kilichoharibika angani, wakipiga risasi viumbe vinavyotoka ukutani. Mimi na mdogo wangu tulilicheza sebuleni kwetu, huku mlimani kwenye migomba, kila mvua ilipotufungia ndani. Picha ilisogea mbele tu. Ukimwacha mwenzako nyuma, ukingo wa kushoto ulimmeza, na hapakuwa na njia ya kurudi.

Tulibishana sana aliyemezwa alikwenda wapi. Nilisema hakwenda popote, mashine imemfuta. Mdogo wangu ndiye alikuwa askari wa pili, mtu wa kusimama na kuokota kila kitu njiani, kwa hiyo alimezwa mara nyingi. Alishikilia kwamba yuko palepale, sisi ndio hatumwoni.

"Kawaulize huko chuo," aliniambia nilipokwenda kusoma Dar.

Yeye akawa utingo. Alivuka mpaka pale Holili na lori la vitunguu, akampigia mama kutoka upande wa pili, akasema mtandao unasumbua. Simu yake haikuita tena. Tuliulizia pande zote za mpaka. Krismasi tatu zimepita, watu wote wamepanda mlimani kuja nyumbani, yeye hajapanda.

Mwaka huu baba mkubwa aliamua tumpandie isale kando ya kaburi la babu. Ni mmea wa majani marefu ambao kwetu husimama makaburini. Mama alikubali, alikuwa amechoka kumtengea sahani. Ila alisema shimo nitachimba mimi, ndugu aliyebaki, la sivyo lisichimbwe. Nilikataa. Niliuliza ushahidi kwamba amekufa uko wapi. Baba mkubwa alinijibu kwamba chuo kimenifundisha kuuliza, hakikunifundisha kuulizwa.

Jumamosi iliyopangwa nilipanda kutoka Njoro, huko mjini ninakopanga chumba, nikiwa na kompyuta na padi mbili za kuchezea. Nilikuwa nimepakua gemu letu, toleo lililoboreshwa na shabiki mmoja nisiyemjua na kutolewa bure. Rangi zimesafishwa, picha imepanuliwa, na sasa unaweza kurudi nyuma.

Wageni walikuwa hawajafika. Niliwasha gemu la wachezaji wawili, nikaiacha padi ya pili kwenye kochi, nikatembea peke yangu mpaka askari wa pili akapotea ukingoni. Nilipita vyumba kadhaa. Halafu nikageuka.

Alikuwa palepale, chini ya taa inayowaka na kuzimika, ametazama upande nilioelekea. Mabega yalipanda na kushuka.

Najua sababu. Shabiki yule aliondoa amri ya kufuta, basi. Hata mimi ningeweza kuiondoa. Lakini niliweka padi yangu chini.

Mama aliingia na chai, akasimama nyuma yangu.

"Anahema," alisema.

"Wamemchora hivyo, mama."

"Anamsubiri nani?"

Nilimweleza kwamba hasubiri mtu, ni programu tu.

"Basi mwambie akae chini, baba. Amesimama sana."

Nilichukua padi ya pili, nikabonyeza vitufe vyote. Aliruka. Alipiga risasi gizani. Aliinama kidogo, akasimama tena. Kitufe cha kukaa hakipo.

Nje, baba mkubwa alikuwa amefika na mche wa isale, majani yakidondosha maji ya mvua. Alinikuta nikitoa jembe nyuma ya banda la ng'ombe, akanitangulia kwenda kaburini kwa babu. Ushahidi sikuwa nao, na mpaka leo sina. Nilichimba. Mama alilishikilia isale mpaka nilipomaliza kufukia, kisha akaushindilia udongo kwa viganja vyake.

Tuliporudi ndani, kompyuta ilikuwa imeisha chaji. Mama aliizungushia padi ya pili waya wake, akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mchana ule alipakua machalari, ndizi zetu za nyama, bila kutenga sahani ya ziada.

Mimi ndiye niliyekuwa naangalia mlango.