Mguu Unaouliza Chini

Mwalimu alinipata Malaba, nimekaa juu ya magunia matupu nikisimamia vijana wanaoshusha mahindi kutoka kwa lori. Mimi sibebi tena. Goti langu la kushoto lilikataa kazi zamani, kwa hivyo nimebaki na kazi ya kupiga kelele. Mwalimu ni mama wa rika langu. Tulipokuwa vijana tulicheza mpira wa kikapu Busia, yeye timu ya wasichana, mimi ya wavulana, na siku hizi anafundisha wasichana huko huko Busia, kwenye uwanja wa saruji ulio nyuma ya kanisa.

"Kuna msichana amekuja," akasema. "Nataka macho yako."

"Nilipokuwa na miguu hamkuniuliza miguu. Sasa mnataka macho."

"Wewe na hiyo mdomo. Kuja tu."

Akanieleza. Chuo kimoja cha upande wa Uganda kilikuwa kinamtaka huyo msichana. Wangemsomesha bure miaka mitatu ili awachezee. Lakini kocha wao alitaka kwanza karatasi mbili zinazosema uzuri wake na udhaifu wake, moja ya mwalimu na nyingine ya mtu mwingine anayejua mchezo. Baada ya wiki tatu huyo kocha angekuja kumwona mwenyewe. Mwalimu alikuwa amekwisha kuandika yake. Ilikuwa imejaa uzuri mtupu.

Mimi niliacha shule darasa la nane. Sijawahi kuandikiwa ripoti nzuri, na sijawahi kumwandikia mtu. Lakini nilinunua daftari.

Jumamosi ya kwanza nilikaa kwenye ngazi ya kanisa nikamtafuta bila kuonyeshwa. Ilikuwa rahisi. Wengine walikuwa wanakimbilia mpira, yeye alikuwa anaenda pale mpira utakapoangukia. Mtu akitupa, wenzake wote wanatazama ring'i. Yeye anamtazama aliyetupa, anatazama kiganja chake, halafu anatembea hatua mbili, na mpira unakuja kumwangukia mikononi kama kuku aliyerudi nyumbani. Nikaandika: *Anajua mpira utaanguka wapi.* Nikaandika tena: *Mikono mizuri. Ukimrushia mpira mbaya anaufanya mzuri.* Msichana mmoja mnene alimgonga kwa bega, kumbo la kweli, na yeye hakuyumba. Nikaandika hiyo pia.

Udhaifu ulikuwa mwingi lakini wa kawaida. Mkono wake wa kushoto ni wa kushikia kikombe tu. Akidunda mpira anatazama chini. Na haongei. Mchezaji wa ulinzi lazima apayuke, awaambie wenzake nani anakuja, lakini huyu alikuwa kimya kama yuko kwenye misa.

Wakati wa kupumzika nikamwita.

"Dada, kwa nini huongei ukiwa ndani?"

"Niseme nini, mzee? Si wanaona?"

"Hawaoni. Wewe ndiye unaona."

Akatafakari hiyo. "Sasa nikisema, watasema najifanya boss." Kisha akacheka akaenda kunywa maji.

Nilirudi nyumbani na kitu kinanisumbua. Kulikuwa na jambo katika mchezo wake ambalo nililiona na sikuliona. Unajua vile unapita karibu na mtu sokoni, halafu ukifika mbele unajiuliza, huyo si ninamjua? Ndivyo nilivyokuwa wiki nzima. Vijana walinikosea lori zima, wakapanga mahindi ya mtu mwingine, sikusema neno, mpaka mmoja akauliza kama niko mgonjwa.

Jumamosi ya pili walicheza Malaba na timu ya huko. Watu walijaa, wengine ni madereva wa lori waliokuwa wanangoja kuvuka. Mbele yangu alisimama jamaa mpana, nikawa sioni nusu ya uwanja. Nikabaki kusikiliza. Na kusikiliza ndiko kulikonisaidia. Wasichana wakiruka na kutua, viatu vilipiga saruji mara moja: *pa*. Mmoja wao alikuwa anapiga mara mbili: *ta-ta*. Nikasukuma kichwa kando ya yule jamaa ili nione ni nani. Ni yeye. Kila alipotoka juu na mpira alitua kwa mguu wa kushoto peke yake, umenyooka kama nguzo ya ua, halafu ule wa kulia ukafuata nyuma polepole, kidole kwanza, kama unauliza kitu.

Hapo nikamjua.

Mchezo ulipoisha nilimfuata akiwa anafungua kamba za viatu. "Kwenu ni wapi?"

"Budalang'i."

"Budalang'i wapi?"

"Rukala." Akaniangalia. "Kwa nini, mzee?"

"Mimi pia ni wa huko."

Ambaye hajakulia huko lazima nimweleze. Mto Nzoia ukimwagika, shamba na barabara na choo na shimo vyote vinakuwa kitu kimoja, maji ya rangi ya chai. Huoni unapokanyaga. Basi tunafundishwa tangu utoto. Fimbo mkono wa kulia. Mguu wa kulia unatangulia pamoja na fimbo, kidole kwanza, bila uzito, unapapasa. Mwili wote unabaki juu ya mguu wa kushoto, umeukaza, mpaka ule wa mbele uambiwe kuna ardhi. Mwendo huo mama yangu aliuita kuuliza chini. "Uliza chini kwanza," alikuwa anatupigia kelele, akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mwaka ambao tuta la kuzuia mto lilipasuka tulitembea hivyo kutwa nzima mpaka pakavu. Jirani aliyekuwa anachimba udongo wa lile tuta kuuza alitembea nyuma yetu, kwenye njia tuliyoipapasa sisi. Jina lake sitaliandika. Yeye analijua, na watoto wake wanalijua.

Kwa hivyo huyu msichana hakuwa anakosea. Alikuwa anafanya jambo lililomfanya awe hai. Ila saruji haihitaji kuulizwa, na mguu mmoja ulionyooka, ukiubebesha mwili mzima unaotoka juu, siku moja unajibu vibaya.

Najua kwa sababu wangu ulijibu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, tulikuwa tunacheza fainali uwanja huo huo wa Malaba. Nilitua, goti likalia kama kuni kavu. Kocha wetu alinitoa, akaleta mtu wa duka la dawa akanichoma sindano, maumivu yakaondoka, akanirudisha kipindi cha pili. Tulishinda. Nilibebwa kuingia nyumbani. Katibu wa timu, aliyekuwa anavaa koti la kahawia hata kwenye jua, alisema nitapelekwa hospitali kubwa, halafu akaacha kushika simu yangu. Hao ni wawili walionikosea, na kwa miaka ishirini na zaidi nimewataja kila mahali, kwa mazishi, kwa harusi, kwa kinyozi. Watu wa Busia wananijua kwa hiyo hadithi. Wakiniona nakuja wanaanza wenyewe: "Sindano, sio, mzee?"

Lakini jioni hiyo, nimekaa na daftari, nilianza kujiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Je, ilikuwa sindano? Au goti lilikuwa limekwisha vunjika polepole tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya vile nilivyokuwa natua? Nikakumbuka kitu. Mazoezini, kocha yule alikuwa na mzaha wake juu yangu. Nikitoka juu na mpira anasema, "Mwangalieni korongo wangu anavyotua." Korongo, ndege anayesimama kwa mguu mmoja majini. Wote wanacheka, mimi nacheka zaidi, nilifikiri ni sifa. Kumbe mtu huyo alikuwa anaona. Aliona kila siku kwa miaka miwili. Akafanya kichekesho.

Sikulala vizuri, lakini sio kwa hasira, kwa kushangaa. Miaka yote hiyo nilimshtaki mtu sahihi, lakini kwa kosa lililo dogo. Sindano ilikuwa ya siku moja. Kunyamaza kulikuwa kwa miaka miwili.

Nikaandika ukurasa wa udhaifu. *Anatua kwa mguu mmoja, wa kushoto, goti limenyooka. Asipofundishwa ataumia. Ni tabia ya kutembea kwenye maji, si uzembe.*

Mwalimu alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena.

"Toa hii," akasema.

"Kwa nini?"

"Wewe unajua kwa nini. Wana wasichana kumi wanawaangalia. Wakiona neno kuumia watachukua mwingine. Huyu mama yake anauza samaki wa omena Rukala. Hakuna chuo kingine kinakuja."

"Na akiumia huko?"

"Huko kuna madaktari. Hapa kuna nini? Kuna wewe na goti lako."

Alisema kweli. "Wewe uliona?" nikamuuliza.

"Niliona nini?"

"Vile anatua."

Alitazama uwanjani, ambako wasichana walikuwa wanafagia maji ya mvua. "Niliona anatua vibaya," akasema. "Nilifikiri itajirekebisha."

Mwalimu ni rafiki yangu. Alinitembelea hospitalini wakati ndugu zangu hawakuja. Lakini kama ni kutaja waliokosea, basi na yeye nimtaje: aliona, akanyamaza kwa sababu ya upendo. Nilimwambia hivyo usoni. Alikunja karatasi yangu akaiweka kwenye mkoba pamoja na yake, hakuniaga.

Kocha wa upande wa pili alikuja Jumamosi ya tatu. Mwanamke mfupi, filimbi shingoni, viatu vyeupe kabisa katika matope yetu. Aliketi karibu nami bila kujua mimi ni nani, akatoa karatasi mbili akasoma. Halafu akauliza kwa Kiswahili chao cha Uganda, ambako bwana ni ssebo na bibi ni nyabo, "Ssebo, nani aliandika hii ya maji?"

"Ni mimi, nyabo."

Akanitazama goti, kisha uso. Hakuuliza zaidi. Akamwita msichana, akamwambia aruke mara kumi chini ya ring'i. *Ta-ta. Ta-ta.* Mara kumi zote. Msichana hakuelewa anakaguliwa nini, alikuwa anatabasamu.

"Mikono yake naipenda sana," kocha akamwambia mwalimu. "Lakini siwezi kumpeleka akitua namna hii. Nikimchezesha mara tatu kwa wiki nitamvunja mwenyewe. Nitarudi mwezi wa nane. Nafasi ninamwekea mpaka hapo tu. Mkimtengeneza, anakuja. Hamjamtengeneza, nachukua yule wa Tororo."

Msichana alinifuata mpaka kwenye lango la kanisa. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa sawa.

"Mzee, wewe ni mtu wa kwetu."

"Ndiyo."

"Mtu wa kwetu hasemi hivyo juu ya mtu wa kwetu."

"Mimi ndiyo nasema."

"Ungeniambia mimi. Kwanza mimi. Ungeniita kando."

Nilikuwa nimemwandikia kocha wa nchi nyingine na nimemgombeza mwalimu, na mwenye mguu sikumwambia. Kwa hivyo orodha yangu ya wenye makosa ikapata mtu mwingine, naye simtafuti mbali.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikukosea."

Alishangaa, nafikiri alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akasimama akichora chini kwa kidole cha kiatu. Cha kulia, bila shaka.

"Sasa tunafanyaje?" akauliza.

Tulianza Jumanne. Nilileta kreti ya soda, akawa anapanda na kuruka chini, kila jioni kabla jua halijazama. Sikumtazama. Niligeukia ukuta wa kanisa nikasikiliza, kwa sababu macho yanadanganywa na uzuri wake wa juu. *Ta-ta*, namwambia hapana. *Pa*, nanyamaza. Wenzake walitucheka. "Huyo mzee anafundisha ukuta," wakasema. Mwalimu alikaa wiki moja bila kuongea nami, wiki ya pili akaleta kreti nyingine, ndefu zaidi, akaiweka chini na kuondoka. Kufikia mwisho wa mwezi msichana alikuwa anapiga *pa* mara nyingi. Akichoka tu, mto unarudi.

Halafu mvua kubwa zikaja, na mama yake akapiga simu kwamba maji yameingia nyumbani.

Alikuja kuniaga akiwa na begi. Sote wawili tulijua anachokwenda kufanya huko, na kwa mguu gani. Siku nyingi za kutembea kwenye maji, na kazi yetu ya kreti ingefutika.

"Sasa nitembee vipi?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli, kama mimi ninavyouliza mambo. "Nikitembea ya hapa nitazama. Nikitembea ya huko nitasahau ya hapa."

"Huko uliza chini," nikamwambia. "Uliza kila hatua. Usifanye ujinga kwa ajili ya chuo."

Alikaa siku tisa. Aliporudi alikuwa amekonda, miguu imechubuka mpaka magotini, lakini mama na wadogo zake walikuwa wamefika pakavu. Hakusalimia sana. Alivuta kreti mwenyewe akaiweka pale pale. Mimi nikageukia ukuta.

Mruko wa kwanza ulikuwa *ta-ta*. Sikumwambia hapana. Nilisikia akipanda tena, kreti ikilia chini yake, nikangoja wa pili.